Sufuria Haitoshi Tena: Maswali ya Wazazi wa Lubumbashi Kuhusu Kulisha Vijana Nyumbani

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi. Mengi yaliulizwa kando ya mbabula (jiko la makaa), mengine kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tukisubiri kupimiwa unga. Machache nilinong'onezwa baada ya ibada na mama aliyeona haya kusema kwamba watoto wake wanalala na njaa ingawa jioni alipika. Mimi si daktari. Ni mama wa mtaa wa Katuba, ninapikia watu saba kila siku, na kwa muda nilisaidia kituo cha afya kufundisha akina mama lishe. Nimejibu kwa yale niliyofundishwa na yale niliyoyaona kwenye sufuria yangu.

Mama, kijana wangu ana miaka 15 na anakula kuliko baba yake. Si ulafi huo?

Si ulafi. Ni mwili unaojijenga. Msichana huanza kurefuka kwa kasi akiwa na miaka 10 au 11. Mvulana huchelewa kidogo, na kasi yake huwa kubwa kabisa karibu na miaka 13 au 14. Katika mwaka ule wa kasi, mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10, na msichana karibu 8. Wewe unaona tu kwamba suruali ya shule iliyoshonwa Septemba imepanda juu ya kifundo cha mguu Pasaka inapofika. Mifupa ile mipya, misuli ile na damu ile vyote vimetoka kwenye sahani.

Kwa hesabu, mvulana wa miaka 15 au 16 anayekwenda shule kwa miguu, anayecheza mpira na kuchota maji anahitaji zaidi ya kalori 3,000 kwa siku. Msichana wa umri huohuo anahitaji karibu 2,500. Baba anayeshinda ameketi, kwenye usukani wa teksi au nyuma ya meza, mara nyingi anatosheka na 2,500 au pungufu yake. Kwa hiyo mtoto akimzidi baba yake kula, hakuna aliyekosa adabu.

Nina ombi moja, na nalitoa kwa moyo wote: neno "mlafi" liondoke nyumbani. Mtoto akiitwa hivyo mbele ya wageni hataacha kuwa na njaa. Ataacha tu kuionyesha. Atakula kwa kujificha, au ataomba kwa majirani, au atakaa kimya huku akili yake darasani imezimika.

Na kama ni minyoo?

Inawezekana, na si vibaya kumpa dawa ya minyoo mara moja au mbili kwa mwaka kwa ushauri wa muuguzi. Lakini minyoo haimfanyi mtoto arefuke. Ukiona anakula vizuri, anakua, ana nguvu na macho yake yana uhai, hiyo ni njaa ya kawaida ya umri wake.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja ukiona anakula sana huku akikonda. Fanya hivyo pia akinywa maji kupita kiasi na kuamka usiku mara kwa mara kukojoa, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa sukari, nao huwapata hata watoto. Kuharisha kusikoisha, kikohozi cha wiki mbili na zaidi, au weupe wa ndani ya kope na viganja, hayo nayo ni ya muuguzi. Jiko peke yake haliyatibu.

Nipime unga kiasi gani kwa bukari (ugali) ya watu saba?

Swali hili ndilo naulizwa kuliko yote, na wengi wetu tunapima kwa jicho. Babu zetu waliofanya kazi kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye baba zetu wa Gécamines iliyoirithi, walipokea posho: unga ulipimwa kwa kuhesabu mfanyakazi, mke na watoto wake. Mama alijua mfuko unaoingia na siku unazopaswa kudumu. Posho zile zilikwisha miaka ya tisini kampuni ilipoanguka, na kipimo kikaondoka nazo. Siku hizi tunanunua kwa meka, yaani kopo la kupimia, na meka ya muuzaji mmoja si sawa na ya mwenzake: mwingine anarundika mpaka juu, mwingine anasawazisha kwa kiganja, mwingine ana meka iliyobonyezwa kitako.

Kwa hiyo anza hivi. Nunua meka moja kwa muuzaji wako wa kila siku, uipeleke kwa mwenye mizani, uandike uzito wake ukutani karibu na jiko. Kisha chukua kikombe kimoja cha nyumbani, upime unga unaoingia humo, ukiandike nacho. Toka siku hiyo una kipimo chako.

Sasa gawanya kwa watu. Nyumba yetu ina baba, mimi, mvulana wa miaka 16, msichana wa 14, mvulana wa 12, na wadogo wa 8 na 5. Kwa bukari moja kubwa ya siku mimi napima hivi: gramu 300 za unga kwa yule wa miaka 16, 250 kwa baba, 220 kwa msichana wa 14 na 220 kwa yule wa 12, 200 zangu, 140 za mwenye miaka 8 na 90 za mdogo. Jumla ni gramu 1,420, karibu kilo moja na nusu, na maji lita tatu hivi kwa bukari iliyoshikana vizuri. Si sheria. Mtoto wako akitoka kucheza mpira atataka zaidi, na siku ya homa atakula nusu.

Angalia namba moja hapo. Yule wa miaka 16 amepewa unga kuliko baba yake, na wa miaka 12 amepewa kuliko mimi. Mume wangu alipoona hesabu hii mara ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye hajengi mifupa tena. Si kila baba atasema hivyo, najua. Lakini zungumzeni, wewe na papa wa nyumba, kabla ya kupakua. Jambo hili lisiamuliwe mbele ya watoto sufuria ikiwa imefunuliwa.

Tunapika mara moja tu kwa siku. Je, nikiongeza bukari kwenye mlo huo haitoshi?

Haitoshi, na hesabu yenyewe inaonyesha. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Ili kijana apate kalori 3,000 kwa bukari peke yake angehitaji zaidi ya gramu 830 za unga, na ukishaupika pamoja na maji unapata bukari ya kilo mbili na zaidi. Hakuna tumbo la mtoto linalobeba hiyo kwa mkao mmoja. Anajaza, anahisi mzito, analala, na saa nne usiku njaa imerudi. Halafu bukari peke yake haina kinachojenga damu na misuli vya kutosha.

Sisemi uwashe mbabula mara tatu. Bei ya makala (makaa) tunaijua. Nasema chakula kilichopikwa mara moja kiliwe mara mbili au tatu. Pika maharagi ya siku mbili. Kabla ya kupakua jioni, toa bukari ya asubuhi uifunike kando, maana ukingoja "itakayobaki" haitabaki kitu. Kaanga karanga mara moja kwa wiki, uziweke kwenye chupa yenye kifuniko.

Kwa yule wa miaka 16, siku inaweza kuwa hivi: uji wa asubuhi wenye unga na karanga zilizosagwa, kalori 400 hivi, bukari ya jana iliyopashwa akitoka shule, yenye gramu 150 za unga, 540, kiganja cha karanga, gramu 50, karibu 280, jioni bukari ya gramu 300, 1,080, maharagi ya gramu 100 kabla ya kupikwa, 340, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ndani ya mboga, 240. Ukijumlisha unapata karibu 2,900 bila nyama. Ongeza embe au ndizi, umefika.

Nyama hatuiwezi. Mboga ya kumjenga mtoto itoke wapi?

Hapa Lubumbashi tunaita mboga kila kitu kinachosindikiza bukari, iwe nyama, samaki au majani. Nalipenda neno hilo kwa sababu linatukumbusha kwamba nyama ni mboga mojawapo tu.

Maharagi ndiyo ya kwanza. Gramu 100 za maharagi makavu zina protini zaidi ya gramu 20, na mvulana wa miaka 16 anahitaji karibu gramu 52 kwa siku, msichana karibu 46. Tena maharagi na mahindi vinasaidiana: kinachopungua katika protini ya mahindi kimo ndani ya maharagi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale asubuhi, pika kwa maji mapya. Yanaiva mapema na makala yanapona. Wakati wa kupakua, wape vijana maharagi yenyewe. Nimeona nyumba ambamo wakubwa wanapata maharagi na watoto wanapata mchuzi, kisha mama anashangaa kwa nini hawashibi.

Kapenta na ndakala, dagaa zilizokauka: ghali kwa kilo, lakini kilo inakwenda mbali, maana zimekauka na zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Faida nyingine ni kwamba tunazila nzima na mifupa yake, na mifupa ile ina kalsiamu. Umri huu ndio mifupa inaitaka kalsiamu kuliko wakati wowote wa maisha, gramu 1.3 kwa siku, na nyumba nyingi hapa haziingizi maziwa. Msikate vichwa na kuvitupa. Kwa watoto wasiopenda, zitwange ziwe unga, uutie kwenye sombe (majani ya muhogo).

Sombe nayo ina nguvu ikitiwa karanga zilizotwangwa na mafuta. Itwange vizuri na uichemshe muda mrefu bila kuifunika, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa mvuke. Usiharakishe sombe kwa ajili ya njaa ya mtu yeyote.

Vinkubala (viwavi vya kuliwa) vikiwa sokoni, nunua. Vikikauka, nusu ya uzito wake na zaidi ni protini, pia vina madini ya chuma. Kuna vijana wa mjini walioanza kuvionea haya kama chakula cha kijijini, na hilo linaniuma, kwa sababu bibi zao waliwalea wazazi wao kwa chakula hicho. Viweke mezani bila kuomba radhi, wewe mwenyewe ule wa kwanza.

Mayai mawili yaliyokorogwa ndani ya nyanya na kitunguu yanaonjwa na watu wanne. Samaki mmoja mkubwa wa tomson akikatwa vipande na kupikwa na mchuzi mzito anafika kwa wote. Bowa (uyoga) ni furaha ya majira ya mvua, lakini msihesabu kwamba unachukua nafasi ya nyama, maana sehemu yake kubwa ni maji. Upikeni na karanga.

Nikichanganya unga wa muhogo kwenye mahindi, nakosea?

Hukosei. Bukari inavutika, na bei inapungua. Lakini kumbuka kwamba muhogo una protini kidogo sana, gramu 1 au 2 kwa 100, wakati mahindi yana 8 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu, ongeza maharagi au samaki. Na nunua unga wa muhogo ulioloweshwa siku za kutosha na kuanikwa vizuri. Muhogo mchungu ulioharakishwa huacha sumu, na katika nchi yetu hii, upande wa Kahemba, umewapooza watoto miguu kwa ugonjwa wa konzo.

Je, wale wote sahani moja, au kila mtoto apewe yake?

Kula pamoja ni kitu kizuri. Watoto waliokula sahani moja wanajuana mikono. Sitaki kuona nyumba zetu kila mtu ameingia chumbani na sahani yake.

Lakini nimekaa kando nikiangalia. Kwenye sahani moja yenye watoto watano, wa miaka 16 ana mkono mkubwa na anameza haraka. Wa miaka 5 bado anapuliza tonge la kwanza lipoe. Msichana anakula polepole kwa sababu amefundishwa kwamba msichana hagombanii chakula. Baada ya dakika chache mboga imekwisha na bukari imebaki. Aliyechelewa anamalizia bukari tupu kwa chumvi. Hakuna aliyeiba wala aliyekusudia ubaya, lakini mtoto mmoja analala bila protini kila siku ya Mungu.

Njia yangu ni hii: bukari katikati, kwa wote, kila mtu akate. Mboga naigawa mwenyewe kwenye vibakuli, kila mtoto chake, nikianza na wadogo. Ugomvi wa nyama ulikwisha wiki ile ile. Na yule mkubwa, akijua kibakuli chake hakiguswi na mtu, akapunguza mbio.

Kuhusu kuku: najua firigisi ni ya baba, na mapaja yana wenyewe. Desturi ni desturi, wala sitaki mtu agombane na mume wake kwa firigisi. Ila kuku mmoja ana nyama nyingi zaidi ya firigisi. Watoto wasiachiwe shingo na miguu peke yake.

Msichana si anakula kidogo kuliko mvulana? Wangu mwenyewe anasema ameshiba.

Kwa kalori, ndiyo, anahitaji pungufu kidogo. Kwa madini ya chuma anahitaji zaidi kuliko kaka yake, miligramu 15 kwa siku, na kaka yake 11. Sababu mnaijua: anapoteza damu kila mwezi. Upungufu wa damu unaingia taratibu. Anachoka, anapanda ngazi za shule akihema, anasinzia darasani, kichwa kinamuuma, na watu wanasema amekuwa mvivu tangu alipovunja ungo. Siku moja atabeba mimba, na atakuwa anaanza safari hiyo bila akiba.

Sikiliza vizuri neno "nimeshiba" la msichana. Mara nyingi ndiye aliyepika. Ameona sufuria, amehesabu watu, akajitoa mwenyewe. Nilikuwa hivyo nikiwa na miaka 14 na mama yangu hakujua, kwa sababu nilisema kwa tabasamu. Leo wa kwangu nampakulia kabla hajaulizwa, maharagi, kapenta, na maini ninapoyapata, na ninakaa naye mpaka amalize.

Wengine wanajinyima kwa sababu wanataka mwili wa wasichana wanaowaona kwenye simu. Hapo usimpigie kelele. Mwambie anakua, na kwamba kuongezeka kwa nyonga ni mwili wa mwanamke unaofika. Akianza kutapika chakula kwa makusudi, au hedhi ikikatika miezi, tafuta msaada wa muuguzi au daktari.

Na chai: tunainywa na chakula kila mara. Majani ya chai yanazuia chuma cha maharagi na cha mboga za majani kuingia mwilini. Inywe saa moja baadaye. Badala yake kamulia ndimu kwenye lengalenga (mchicha), au mpe pera au embe baada ya kula. Matunda hayo yanakifungulia chuma njia.

Anaondoka saa kumi na mbili asubuhi bila kula kitu. Anasema hana njaa.

Ana usingizi. Njaa yake inaamka saa nne, akiwa darasani. Anza na uji mwepesi, kikombe tu. Unga wa mahindi, kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa au unga wa soya, sukari kidogo. Upike jioni uutie kwenye chupa ya moto kama unayo, asubuhi ni kumimina tu. Akikataa kabisa, mfungie bukari iliyopashwa juu ya makaa, au viazi vitamu vya jana, au karanga ndani ya karatasi.

Wazazi wengi wanampa faranga za kununua vitumbula mlangoni pa shule. Vitumbula si sumu, vinashibisha kidogo. Lakini pesa hiyohiyo kwa wiki nzima inanunua karanga za kutosha, na karanga zinakaa tumboni muda mrefu. Wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wasiachwe waende bila kitu. Mtoto amesoma miaka yote hiyo, asikwamishwe na tumbo tupu asubuhi ya mtihani.

Usiku anaamka anakula mboga niliyotunza kwa ajili ya kesho. Nifunge jiko kwa kufuli?

Mkubwa wangu alifanya hivyo akiwa na miaka 14. Niliamka nikakuta sufuria ya maharagi imekwanguliwa, maharagi ya baba yake na ya wadogo. Nilimchapa maneno mbele ya wote. Alisema tu, "Mama, niliamka tumbo likiuma." Nilimjibu kwamba sote tuna matumbo. Miezi kadhaa baadaye nilipima urefu wake kwenye mlango, nikaona alikuwa amepanda sentimita tano tangu Krismasi. Nililia jikoni siku hiyo, kisha nikamwomba radhi.

Usifunge jiko. Weka kitu chenye jina lake: bakuli lenye kifuniko, na umwambie wazi, "Hiki cha usiku ni chako. Ile sufuria ni ya kesho." Viazi vitamu viwili, mahindi ya kuchemsha, bukari na mchuzi kidogo. Tangu nianze hivyo sufuria ya kesho haijaguswa tena.

Mvulana wangu anafundishwa mpira na anataka vinywaji vya nguvu vya kopo.

Havina nguvu ya kujenga. Vina sukari na kafeini, na kafeini inaharibu usingizi, wakati mwili wa kijana unakua sana akiwa amelala. Mpe maji mengi, munkoyo (kinywaji cha mahindi) ya nyumbani isiyokaa mpaka ikalewesha, na chakula ndani ya saa moja au mbili baada ya mazoezi.

Kuanzia Desemba bei ya unga inapanda mpaka tunapunguza sahani. Tufanyeje?

Kila mwaka ni hivyo. Mavuno ya mahindi yanatoka karibu Aprili na Mei, na kati ya Desemba na Machi akiba za mashamba zimekwisha. Mji wetu unakula kwa kutegemea malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ikipata shida sisi tunaisikia sokoni. Mwaka 2024 ukame uliwaangusha mpaka serikali yao ikatangaza janga la taifa.

Kwa anayeweza: nunueni mahindi ya punje Mei mpaka Julai, hata familia tatu mkichanga, kisha mpeleke kwenye mashine kidogokidogo. Punje inakaa kuliko unga. Ikauke kabisa, iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na punje zenye ukungu mzitupe, msizisage mkijidanganya, maana ukungu ule una sumu inayoharibu ini. Mkisaga, msikoboe sana. Unga mweupe kabisa unapendeza macho, lakini pumba mliyoiacha kwenye mashine ina vitamini na inajaza sufuria.

Kwa asiyeweza kununua mbele, na najua ni wengi, miezi hiyo ina vitu vingine. Maembe yanaiva kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, lengalenga inaota hata pembeni ya choo cha maji, matembele yanakubali ndani ya gunia la udongo uani. Hayo hayachukui nafasi ya unga, lakini yanashika nafasi ya mboga ili pesa yote ibaki kwa unga na maharagi.

Binamu wawili wamekuja kukaa nasi kwa ajili ya shule. Nitawalisha kwa nini?

Hesabu kama wako, tangu siku ya kwanza, kwa kipimo kile cha gramu. Usiongeze maji kwenye mboga kwanza. Ongeza unga, maharagi na mafuta. Na zungumza na ndugu zako kijijini au mjini bila aibu: kama hawana pesa, watume mahindi au karanga kila wakipata gari. Mtoto wa ndugu akipewa sahani ndogo anaijua mapema sana, na hasemi.

Je, wavulana wafundishwe kupika?

Ndiyo, wakifika miaka 12. Mvulana anayesonga bukari ya watu saba kwa mikono yake anaelewa kilo moja na nusu ya unga ni nini. Wa kwangu sasa anapika Jumamosi, na ndiye anayeniambia, "Mama, leo tuloweke maharagi."

Siku ambayo kweli hakuna cha kutosha, nani apewe?

Siku hizo zipo. Mama anayenyonyesha na mwenye mimba kwanza, pamoja na walio chini ya miaka mitano, maana wao hawana akiba mwilini. Kisha wanaokua, wasichana na wavulana. Kisha sisi wakubwa. Lakini mama asiwe wa mwisho kila siku. Nimeona akina mama wanaokwangua sufuria kwa miaka mitano, kisha wanaanguka, na wanapoanguka nyumba nzima haipiki.

Waambie watoto ukweli. "Leo unga ni nusu, kesho baba atalipwa." Kijana anaweza kuvumilia njaa ya siku moja akijua sababu yake. Na kama siku hizo zinafuatana wiki nzima, usingoje mtoto avimbe miguu: nenda kituo cha afya, nenda kwa viongozi wa parokia au wa kanisa lako, nenda kwa jirani anayejua kunyamaza. Mwaka jana jirani mmoja alinigongea saa moja usiku akiwa na sufuria tupu mkononi. Nilimpimia vikombe vinne. Wiki mbili baadaye alivirudisha vinne, vimesawazishwa kwa kiganja, na kitunguu kimoja juu.